Darasa Lililosema Ndiyo

"Saba mara nane," nilisema, nikageukia ubao kuandika swali la pili, kwa sababu kwa miaka minne sikuwa nimewahi kusubiri jibu la swali kama hilo.

Jibu halikuja.

Nilidhani hawajanisikia. Huku kwetu milimani Agosti ukungu hauondoki hadi saa tano, unaingia darasani bila hodi na kukaa na sisi, na sauti yangu nayo siku hizi imechoka kama mwenyewe. Nikarudia kwa nguvu. "Darasa la saba! Saba mara nane?" Wanafunzi arobaini na wawili ndani ya masweta ya bluu walinitazama. Midomo ilikuwa wazi, tayari kujibu, kama watu wanaongoja chafya. Chafya yenyewe ikagoma.

Nikamwita Leokadia. Huyu ni mjukuu wangu. Nimemlea tangu ana miaka miwili, mama yake alipokwenda kutafuta maisha mjini. Nyumbani ananiita Bibi, shuleni ananiita Mwalimu kama wenzake, na tangu darasa la tatu hakuna aliyewahi kumpita. Mwaka huu alikuwa wa kwanza kata nzima kwenye mtihani wa majaribio. Alisimama, akagusa nyuma ya sikio la kulia, mahali ilipobandikwa punje yake, kile kidude kidogo cha shule cha kusaidia kumbukumbu.

"Mwalimu," alisema taratibu, "haiji."

"Nini haiji?"

"Hiyo hesabu. Huwa inakuja."

Nikajaribu sita mara tano. Mikono miwili ikanyooka, mmoja ukarudi chini njiani. Nikajaribu theluthi moja ya ishirini na moja, hapo hata inzi hakutikisika. Hawa ni watoto ambao Ijumaa iliyopita walinikokotolea mzingo wa duara huku wanapiga miayo. Nikajiegemeza mezani.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa. "Hamsini na sita."

Alikuwa Anyesi Chaula, wa mwisho darasani, mtoto ambaye kwenye ripoti zake zote nimeandika *mzito kuelewa*. Nilimfuata hadi kwenye dawati lake. Alikuwa amechora vijiti kwa penseli, mistari saba ya vijiti vinane vinane.

"Umejuaje?"

"Nimehesabu, mwalimu." Aliniangalia kama ninayemtega. "Mimi huwa nahesabu."

*

Sanduku la punje liko ofisini kwa Mwalimu Mkuu, juu ya kabati la vikombe vya michezo. Ndilo linalozilisha punje zote za shule. Nilimkuta Mwalimu Tweve amepiga magoti juu ya kiti, analipuliza vumbi, na taa zake zote zimekufa. Siku nne jua halijagusa paneli, na betri ya miaka saba ilikuwa imechoka kabla ya hapo.

Tweve nilimfundisha mwenyewe, zamani, kabla ya punje. Ana miaka thelathini na minane sasa, ni bosi wangu, na bado akiniona anaficha mikono nyuma.

"Nimempigia fundi, mama," alisema. "Kesho anapanda."

Fundi alifika kesho yake saa nne, amelowa hadi magotini, betri mpya ameifunga mgongoni kwa mpira. Jina lake Kaduma. Aliniamkia, akapokea chai, kisha akachukua kishikwambi changu cha kufundishia na kukiunganisha na sanduku kwa waya. Hakuifunga betri. Aliangalia kioo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwanangu," nikamwambia, "funga hiyo kitu. Mtihani wa mwisho umebaki wiki tatu na watoto wangu wamesahau hata kuzidisha."

"Hawajasahau, mama," Kaduma alisema. "Ili usahau, lazima kwanza uwe ulijua."

Sikulipenda hilo jibu. Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mama yake, asinitajie maneno ya kampuni. Akavuta kiti.

"Punje haiongei," alianza. "Watu wanadhani inanong'ona. Hapana, inasukuma. Mtoto akitafuta jambo kichwani akakwama, punje inamletea kwa njia ileile ambayo kumbukumbu huja, na mtoto mwenyewe anaamini amekumbuka. Ilitengenezwa iwe mkongojo wa muda tu. Unafundisha jambo, unawauliza kama wameelewa, kila punje inasikiliza sauti ya mtoto wake. Akisema ndiyo, na wewe ukabonyeza kile kitufe cha kijani, jambo linaandikwa kuwa ni lake. Kuanzia hapo punje inakaa akiba. Mtoto aliyeelewa kweli hakwami, kwa hiyo baada ya mwezi punje inalala. Asiyeelewa anakwama, inamsukuma. Kesho anakwama tena, inamsukuma tena. Kichwa kikizoea uji unaletwa mezani, hakiendi jikoni."

"Na asiyesema ndiyo?"

"Huyo haimsukumi. Inamwacha ahangaike, na inakutumia wewe taarifa kwamba fulani hajaelewa, umrudie."

"Sijawahi kupata taarifa."

Akanigeuzia kioo. Zilikuwapo kila wiki, kwa miaka minne, na jina lilikuwa moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Anyesi Chaula. Nilikuwa nazipata. Nilikuwa nikiziona nasema moyoni, si nilijua, mzito huyu, halafu nazifunga.

"Waliotengeneza," Kaduma alisema, akicheka kicheko kisicho na furaha, "walidhani mtoto asiyeelewa atasema hajaelewa. Wangekuja wakae darasani kwetu siku moja tu."

Hakuhitaji kuendelea. Amesoma shule zetu, anajua. Mwisho wa kila somo nauliza, *Tumeelewana?* Na darasa zima linavuta, *Ndiyooo, mwalimu!* Nimeuliza hivyo kwa miaka thelathini na minne. Sikuwahi kuuliza nikitaka kujua kitu. Ni kengele, ni namna ya kusema tumemaliza, nendeni mkale. Mtoto atakayesema hapana anawachelewesha wenzake uji, kisha ataitwa mbele, na huko mbele hakuna zawadi. Anyesi alipokuwa darasa la nne niliona amefunga mdomo wenzake wakiitikia. Nilimchapa viboko viwili vya mkononi. Nilidhani ni kiburi. Kumbe mtoto alikuwa hajaelewa tu, na alikuwa hajui kusema uongo.

Ndiyo zikishaitikiwa, mimi nilikuwa nabonyeza kijani. Punje hii ilikuwa imetegemea watu wawili waseme kweli, mtoto na mwalimu, na wote wawili tulikuwa na adabu zaidi kuliko ukweli.

"Sasa?" niliuliza.

"Njia mbili. Nafunga betri sasa hivi, kila kitu kinarudi, wanafaulu. Mtihani wanafanya na punje masikioni, imeruhusiwa kama miwani. Au unafuta alama zako, zile ulizoweka kila ulipobonyeza kijani. Zote za hesabu, tangu la tatu. Betri ikiwaka, punje zitakuwa hazina cha kusukuma, mtaanza upya, na safari hii wataanza kwenda jikoni wenyewe."

"Kwa wiki tatu?"

"Kwa wiki tatu hamfiki popote. Mtihani mtaanguka."

"Basi wafute huko sekondari, wakishafaulu."

"Nani atajua, mama? Kwenye karatasi wameelewa." Alikunywa chai yake. "Na kuna umri. Mpaka miaka kumi na minne hivi, kichwa bado kinakubali kujenga. Baadaye kinagoma. Nimeona vijana wa majaribio ya kwanza kwenye mikoa mingine. Wanafanya kazi vizuri tu, mpaka umeme ukatike."

Darasa langu lina watoto wa miaka kumi na mitatu.

Tweve alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Funika kombe mwanaharamu apite, mama," alisema. "Wiki tatu tu. Watoto arobaini na wawili wakianguka, nusu yao watakwenda kuchuma chai na hawatarudi tena shule. Leokadia ana nafasi ile ya shule ya vipaji, umeshaambiwa. Utamnyima mjukuu wako?"

Tweve si mtu mbaya. Alisema yale ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayasema kimoyomoyo. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na mmoja nistaafu, barua nimeshamkabidhi Tweve, mgongo unauma, na nilichotaka ni kuondoka shuleni nikipigiwa makofi kama watu wengine.

"Kwani ni lazima niamue mimi?"

"Alama zina kidole chako," Kaduma alisema. "Hazifutiki kwa kidole cha mtu mwingine. Nina shule nyingine Alhamisi mchana. Mpaka hapo uniambie."

*

Jioni hiyo tulikaa jikoni, Leokadia na mimi, tunamenya viazi. Moto ulikuwa unavuta vizuri na kwa mara ya kwanza wiki hiyo vidole vyangu vilikunjuka. Nilimweleza yote. Nilimweleza kuhusu kusukumwa, kuhusu ndiyo zao na kijani changu, kuhusu mtihani na ile shule. Nilimwambia kosa ni langu. Hilo lilinitoka kwa shida, maana katika nyumba yangu sina mazoea ya kukosea.

Alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtoto msikivu, kila mtu anasema hivyo.

"Sasa wewe unaonaje?" nilimuuliza. "Tuwashe, au tufute?"

Kisu chake kilisimama. Alinitazama usoni, akatafuta, akatafuta, kama anasoma ubao ulioandikwa mbali.

"Unataka nisemeje, Bibi?"

"Sitaki useme chochote. Nakuuliza wewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Ndiyo nini?"

Akainamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga, na mimi nikashikwa na hasira, si kwake, nikasema basi, tumenye viazi. Tukamenya. Nilichoka kiasi kwamba nilisahau kuweka chumvi, tukala hivyohivyo, na mtoto alisema chakula ni kitamu.

*

Jumatano niliingia darasani bila chaki. Niliwaambia wakae, nikaanza kueleza. Nilieleza polepole, mara mbili, kama ninavyoeleza hesabu za sehemu. Niliwaambia hawana ujinga wowote, ila kuna vitu vyao vimekaa nje ya vichwa vyao, na mimi ndiye niliyevitia sahihi. Niliwaambia wakichagua kuwasha watafaulu, na niliwaambia gharama yake. Wakichagua kufuta wataanguka, na nikawaambia gharama ya hilo pia, sikuipunguza. Tweve alikuwa dirishani, amekunja mikono, anasikiliza.

Nilipomaliza, mdomo wangu ukafanya kazi yake ya siku zote.

"Tumeelewana?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Nilikaa kitini. Waliokuwa mbele walianza kutazamana.

Kisha nikakumbuka jinsi tunavyochagua kiranja. Huwa hatunyooshi mikono kwenye kiranja, kwa sababu wakubwa huwatisha wadogo. Tunachana karatasi. Nikawaambia kila mtu achane nusu ukurasa, aandike neno moja, *iwashwe* au *ifutwe*, asiandike jina, akunje mara nne. Kuandika hakukuwa na shida. Hilo lilikuwa lao kweli, mikono yao ilikuwa imelifanya kila siku hadi punje ikalala. Nikawakataza kutazamana, nikageuka nikatazama ubao ili macho yangu yasimsukume mtu.

Nyuma yangu kalamu zilikwaruza. Zilichukua muda. Nilimsikia mmoja analia polepole, sikugeuka.

Nilikusanya karatasi kwenye kofia ya Tweve, tukaenda ofisini. Kaduma alikuwa amekaa karibu na sanduku, waya za betri mkononi. Nikazikunjua moja moja mezani.

Ya kwanza iliandikwa *Ndiyo*.

Ya pili *Ndiyo*. Ya tatu *Ndiyo mwalimu*.

"Ndiyo ipi?" Tweve aliuliza, ameinama juu ya bega langu. "Si uliwapa mawili wachague?"

Niliendelea kukunjua. Thelathini na moja ziliandikwa ndiyo. Tano zilikuwa tupu, moja kati ya hizo imetobolewa na ncha ya kalamu pale mtoto alipoikandamiza bila kuandika. Mbili zilisema, *vyovyote utakavyosema mwalimu*. Mbili zilisema *iwashwe*, na hapo nilishukuru, kweli nilishukuru, maana angalau wawili walikuwa wamejua wanachotaka.

Ya arobaini na moja niliijua kwa mwandiko kabla sijaisoma. Hawa watoto wote niliwasikia wakilia siku ya kwanza ya shule, hakuna mwandiko nisioujua. Ilikuwa ya Anyesi. *Iwashwe. Mimi nimezoea kuwa wa mwisho, wenzangu hawajazoea.*

Nilimpa Tweve aisome, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa. Aliisoma. Alikaa chini kwenye sanduku la vitabu na hakusema kitu kuhusu kombe wala mwanaharamu.

"Kwa hesabu ya kura, zilizopigwa kweli zinasema tuwashe," Kaduma alisema kwa upole. "Tatu."

"Bado moja," nikasema.

Ilikuwa imekunjwa mara nane badala ya nne, imekuwa ndogo kama ukucha. Mwandiko umelala kulia, herufi zimeshikana, mwandiko niliouongoza mwenyewe kwa kushika mkono wake mezani kwangu kabla hajaanza shule. Leokadia. Sikuisoma kwa sauti. Niliiweka mfukoni, nikavuta kishikwambi.

"Mama," Tweve alisema, "wazazi watanila nyama."

"Waambie ni mimi. Ni kweli ni mimi." Nikamwangalia. "Na ile barua yangu ya kustaafu, irudishe. Nitakuwa hapa na darasa la saba mwakani. Hilihili, likirudia mwaka."

Aliinuka kutoka kwenye sanduku la vitabu. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ile ya zamani, mikono nyuma, na sikujua kama amekubali au ameitikia tu. Sikuwa na nguvu ya kumuuliza.

Kishikwambi hakikubali kufuta wote kwa mkupuo. Kinaleta jina moja moja, idadi ya alama, kisha kinauliza kama una uhakika. Mia tatu na kumi na mbili, una uhakika? Nikaweka kidole. Mia tatu na nne, una uhakika? Nikaweka kidole. Jina la Anyesi lilipita na sifuri, halikuuliza kitu. Sikuwa na uhakika hata mara moja. Nilikuwa nafuta huku naona sura za mama zao, naona mashamba ya chai, naona wale watatu walioandika iwashwe na ambao nilikuwa nawanyima jambo pekee waliloliomba. Sijui kama nilifanya haki. Ninachojua ni kwamba thelathini na moja walishindwa kujibu swali la maisha yao, na hawakujua kwamba wameshindwa.

Jina la Leokadia lilikuja karibu na mwisho. Alama mia tatu na ishirini na sita, nyingi kuliko mtoto yeyote. Nilitoa karatasi mfukoni, nikaisoma tena.

*Ifutwe, ila usituchape tukikosa.*

Huyu mtoto sijawahi kumgusa kwa fimbo hata siku moja, si shuleni, si nyumbani. Hakuwahi kukosa. Miaka minne nilimtazama akikaa dawati la mbele, mgongo umenyooka, mkono juu kabla ya wote, na nikawa nawaambia walimu wenzangu kwamba mtoto anapenda hesabu.